Je, Roho humpa mwanamke karama asiyoruhusiwa kuitumia?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Miaka minne iliyopita nilianza kipindi cha Biblia nyumbani kwangu kila Jumatano, tukiwa akina mama watano. Sasa tunapita ishirini, na wanaume wapo. Mwezi uliopita wazee wa kanisa waliniita wakaniambia nimkabidhi kikundi ndugu mmoja, kwa kuwa mwanamke hana ruhusa ya kufundisha wanaume. Ndugu mwenyewe ameniambia kando kwamba kufundisha si karama yake. Naomba kujua: Roho Mtakatifu anaweza kumpa mwanamke karama ambayo Maandiko yanamkataza kuitumia? Au nilijidanganya kuwa ninayo? Na samahani kwa hili dogo la mwisho: nikifundisha, nifunike kichwa?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na asifiwe milele.

Nianze na lile la kujidanganya, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi kuliko hayo ya wazee. Karama haijulikani kwa mwenyewe kujitangaza. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 12:7 kwamba kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho "kwa kufaidiana", na hapo ndipo penye kipimo: wanaofaidika ndio mashahidi. Kwa hiyo usijiulize wewe, waulize wanaokuja Jumatano. Yule aliyekuwa hawezi kukipata kitabu cha Obadia bila kuonyeshwa, leo anasoma mwenyewe na kuelewa? Waliokuwa hawasalimiani wamepatana? Na ukikosea, yupo anayethubutu kukusahihisha, nawe ukakubali? Hilo la mwisho nalipa uzito kuliko idadi. Watu kuongezeka peke yake si hoja. Miji yetu ina kumbi zinazofurika kwa mtu anayeuza mafuta ya upako, na hakuna anayefundishwa kitu humo. Lakini umetaja jambo moja ambalo pengine hukuliona uzito wake: huyo ndugu aliyeteuliwa kukipokea kikundi amekiri kwamba hana karama hiyo. Angeweza kunyamaza akapokea heshima. Ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kuupata makanisani.

Sasa swali lenyewe. Ndani yake mna mambo mawili yaliyosokotwa pamoja, wala si wewe uliyeyasokota, tumeyarithi hivyo. Kuna karama, na kuna cheo. Karama ni kile Roho anachokupa. Cheo ni kile kanisa linachokukabidhi: uzee wa kanisa, ushemasi, uchungaji, uaskofu. Mtu anaweza kuwa na karama bila cheo, na Mungu atuhurumie, wapo wengi wenye cheo bila karama.

Neno letu "karama" ni ndugu wa "ukarimu". Kigiriki cha Paulo, kharisma, kimetoka kwenye kharis, yaani neema. Pande zote mbili maana yake ni kitu unachopewa bure na mwenye nacho, apendavyo. Ukizipitia orodha za karama katika Agano Jipya, Warumi 12, 1 Wakorintho 12, Waefeso 4 na 1 Petro 4, hutakuta hata moja inayosema hizi za wanaume na hizi za wanawake. Kufundisha, kuhudumu, kuonya, kusimamia, kurehemu, unabii, imani, kuponya: zote zimewekwa mezani kwa "kila mmoja". Na mgawaji ni Roho, "akimgawia kila mtu peke yake kama apendavyo yeye" (1 Kor 12:11). Siku ya Pentekoste Petro alianza mahubiri yake kwa kukanusha kwamba wamelewa. Kisha akamnukuu Yoeli kwamba wana na binti watatabiri. Mtu anayetaka kusema karama ya kufundisha haiwezi kumshukia mwanamke ana kazi ya kuonyesha mstari, na mstari huo haupo. Hata wale wanaokataa wanawake wachungaji kwa hoja nzito na kwa nia njema, waliosoma miongoni mwao hawasemi hivyo. Wao wanabishania cheo.

Kwa hiyo nusu ya swali lako imekwisha. Hukujidanganya kwa sababu ya kuwa mwanamke. Nusu iliyobaki ndiyo yenye miba: Maandiko yanaweka mipaka gani katika kuitumia?

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu watu wengi hushika mstari mmoja wakakimbia nao. Fungua kwanza 1 Wakorintho 11:5. Biblia ya Union, hii ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekua nayo, inasema juu ya mwanamke "asalipo, au ahutubupo". Kitenzi hicho cha Kigiriki ni kilekile ambacho katika Matendo 21:9, kwa binti wanne wa Filipo, kimetafsiriwa "wakitabiri". Wafasiri wetu kwa Wakorintho walichagua "kuhutubu", na Paulo mwenyewe anaeleza katika 14:3 kazi ya anayehutubu: kuwajenga watu, kuwafariji na kuwatia moyo. Hayo yanafanyika mbele za watu, kanisani. Paulo hamwambii mwanamke wa Korintho aache. Anamwambia afunike kichwa akifanya hivyo.

Sura tatu mbele, barua ileile, anaandika: "Wanawake na wanyamaze katika kanisa." Mtu mmoja hawezi kutoa maelekezo ya namna ya kuhutubu, kisha akasema wasifungue vinywa kabisa, labda awe amesahau alichoandika. Kuna baadhi ya nakala za kale ambamo aya ya 34 na 35 zimewekwa baada ya aya ya 40, na kwa sababu hiyo wako wasomi wanaodhani yalikuwa maandishi ya pembeni yaliyoingizwa ndani baadaye. Mimi siegemei hapo, maana hakuna nakala tuliyo nayo isiyokuwa na maneno hayo mahali fulani. Naegemea kitu kilicho wazi zaidi hata kwa msomaji wa Kiswahili. Katika sura ya 14 Paulo anawanyamazisha watu mara tatu. Aya ya 28: anayenena kwa lugha, akikosekana mfasiri, "na anyamaze". Aya ya 30: nabii anayezungumza, mwingine akifunuliwa neno, "yule wa kwanza na anyamaze". Na aya ya 34, wanawake. Mara zote tatu kitenzi ni kimoja. Je, umewahi kusikia mahubiri yanayosema wanenao kwa lugha hawaruhusiwi kusema kanisani milele kwa sababu ya aya ya 28? Hapana. Tunaelewa mara moja kwamba ni suala la utaratibu. Ikifika aya ya 34, ghafla inakuwa sheria ya nyakati zote.

Na aya ya 35 inaonyesha kelele ilikuwa ipi: "wakitaka kujifunza neno", wawaulize waume zao nyumbani. Ni maswali ya kukatiza ibada. Tena waume zao. Binti za Filipo, waliokuwa mabikira, wangemwuliza nani?

Jambo jingine la Korintho ambalo hunifanya nitabasamu. Bandari ya Korintho upande wa mashariki ilikuwa Kenkrea, na kanisa la Kenkrea ndilo la Fibi. Warumi 16:1 inamwita "mhudumu wa kanisa". Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana ndiyo kwanza nimeanza kufundisha chuo cha Biblia, mwanafunzi wa kike aliyeketi nyuma alinyosha mkono akauliza: mbona neno hilohilo la Kigiriki, diakonos, katika 1 Timotheo 3:8 ni mashemasi, na kwa Fibi ni mhudumu? Nilimjibu kwamba Fibi bila shaka alikuwa akisaidia mambo ya chakula. Sikuwa nimesoma popote; nilikuwa nimesikia tu, nikalisema kwa sauti ya mwenye mamlaka. Darasa likacheka, yule binti akakaa. Nilipokwenda kusoma kwa haki nikakuta Paulo hujiita mwenyewe kwa neno hilo, yeye na Apolo, katika 1 Wakorintho 3:5. Basi "mhudumu" si tusi, lakini si jikoni vilevile. Fibi ndiye mtu pekee katika Agano Jipya anayeitwa diakonos wa kanisa linalotajwa kwa jina lake, na wengi wanaamini ndiye aliyeibeba barua ya Warumi hadi Rumi. Yule mwanafunzi sikuwahi kumwomba radhi, maana nilipojua alikwisha kumaliza masomo.

Katika sura hiyohiyo, aya ya 7, yuko Yunia. Kiswahili hapa kinatuficha kitu bila kukusudia. Lugha yetu haina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Androniko na Yunia ni "jamaa zangu", na msomaji anapita bila kusimama. Lakini Yunia lilikuwa jina la kawaida la wanawake wa Kirumi, na Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya 4 aliyezaliwa ndani ya Kigiriki, alipofika hapo alistaajabia hekima ya mwanamke huyu aliyehesabiwa kustahili jina la mtume. Wapo wanaosema maneno yale yamaanisha Yunia alijulikana kwa mitume, si kwamba alikuwa mmoja wao. Hoja hiyo ipo, si ya kupuuzwa. Ila naona aliyezungumza Kigiriki tangu utotoni ana haki ya kusikilizwa kwanza.

Twende sasa kwenye mstari ambao naamini wazee wako waliushika: 1 Timotheo 2:12. "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume, bali awe katika utulivu." Huu ndio mgumu kweli, na sitakudanganya kwamba nina ufunguo unaofungua bila kukwama.

Upande wa wanaoushika kama ulivyo wana nguvu mahali pamoja hasa: aya ya 13. Paulo anatoa sababu, na sababu yake si fujo za Efeso wala ujinga wa wakati ule. Anasema Adamu aliumbwa kwanza. Akirudi kwenye uumbaji, ni vigumu kusema alikuwa akizungumzia mji mmoja tu. Ndugu wanaosoma hivyo si lazima wawe wadhalimu, na ukiwajibu kana kwamba wote wanachukia wanawake utakuwa umewakosea.

Lakini angalia nyuma ya mstari. Barua imepelekwa Efeso, ambako Timotheo aliachwa awazuie watu wasifundishe elimu nyingine (1:3), na ambako sura ya 5 inataja wanawake wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakinena yasiyowapasa. Katika aya ya 11 na 12 amri ni moja tu kisarufi, nayo ni "ajifunze". Kwa mwanamke wa Efeso, aliyezoea kuona elimu ikiwa ya kaka zake, hilo ndilo neno la kushtua. "Utulivu" anaotakiwa kuwa nao ni uleule ambao sura hiyohiyo, aya ya 2, inataka sote tuuishi. Si kufungwa mdomo. Na kitenzi kilichotafsiriwa "kumtawala" kimetokea mara moja tu katika Agano Jipya lote. Si kile ambacho Paulo hukitumia anapozungumzia mamlaka ya kawaida, na kwingineko katika Kigiriki cha kale kina harufu ya ubabe, ya kujitwalia. Ndiyo maana nasoma hapa marekebisho ya wanawake waliokuwa wakifundisha kabla ya kujifunza na kuwapanda watu kichwani. Hayo ni maoni yangu baada ya miaka mingi ya kuyageuza. Nilipoanza sikuwa nayo.

Ila kwa shauri lako wewe, dada, hata hatuhitaji kukubaliana juu ya hilo. Chukua usomaji mkali kabisa wa mstari huo, kisha uulize: ni nani aliyefundisha huko Efeso? Matendo 18:26. Apolo, mtu wa elimu, hodari katika Maandiko, anasikika sinagogini akinena kwa ujasiri ila ana upungufu. Priskila na Akila wanamchukua kwao, wanamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Mji ni huohuo. Na katika sehemu sita ambamo Agano Jipya linawataja wawili hawa, nne linamtanguliza mke, jambo lisilo la kawaida kwa maandishi ya zama zile. Mahali pa somo ni nyumbani. Na mwanafunzi ni mwanamume, tena mhubiri. Nimesoma na kujadiliana na walimu wengi wanaokataa mwanamke kusimikwa uzee wa kanisa, na wenye busara miongoni mwao huishia hapa: Priskila hakushika cheo, alitumia karama, basi hakuna tatizo. Kipindi chako cha Jumatano ni nyumba ya Priskila. Wazee wako hawakuufuata mstari wao, wameuvuka.

Makanisa yenyewe yameipita njia hii kwa namna tofauti, na ni vizuri ujue kwamba hakuna jibu moja la "Wakristo wote". Kanisa Katoliki limeufunga mlango wa upadre, na Papa Yohane Paulo II aliandika Mei 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja hilo. Kanisa hilohilo, Januari 2021, chini ya Papa Fransisko, likabadili sheria yake ili wanawake waweze kuwekwa rasmi katika huduma za usomaji na utumishi wa altare. Unaona walivyotenganisha: daraja hapa, huduma kule. Wapresbiteri wa Kenya, PCEA, walimbariki Nyambura Njoroge kuwa mchungaji mwaka 1982, wa kwanza wa kike kwao. Walutheri wa Tanzania, KKKT, walifungua mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya mjadala mrefu, na dayosisi hazikuingia zote siku moja. Anglikana Tanzania kila dayosisi imeenda na uamuzi wake, wakati jirani zao wa Kenya mwaka 2021 waliwaweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo na Rose Okeno kuwa askofu wa Butere. Waadventista walipiga kura San Antonio, Texas, Julai 2015, kuhusu kuziachia divisheni, yaani kanda zao, zijiamulie kuwabariki wanawake kuwa wachungaji: 1,381 walikataa na 977 walikubali. Hawa wote wanasoma Timotheo huyuhuyu.

Kinachonishughulisha zaidi ni kitu kingine, nacho hakionekani kwenye katiba za makanisa. Kila uamsho unapoanza, karama hazina jinsia. Uamsho wa Afrika Mashariki uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliwapa wanawake nafasi ya kusimama mbele ya wanaume na kushuhudia, hata kumwambia mchungaji wao atubu. Kule Kongo, mhubiri Simon Kimbangu alipofungwa mwaka 1921 na kukaa kifungoni hadi kufa mwaka 1951, mkewe Marie Muilu ndiye aliyelishika kundi kwa siri chini ya serikali ya Wabelgiji. Nyanza, Kenya, Legio Maria ilipojitenga na Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, jina lililovuta umati lilikuwa la Gaudencia Aoko, mwanamke kijana, sambamba na Simeo Ondeto. Kisha yanakuja majengo, katiba, mishahara, viti vya mbele vyenye vitambaa. Upadre wa Legio ukawa wa wanaume. Sisemi sababu ni moja kila mahali. Nasema tu kwamba mara nyingi anayemwambia mwanamke anyamaze hafanyi hivyo siku kikundi kina watu watano. Husubiri wafike ishirini.

Na kuna upande wa pili wa mchezo huu, wa "mama mchungaji". Katika makanisa yetu mengi ya kiroho, mke wa mchungaji anapanda madhabahuni, anahubiri, anaongoza maombezi, anafungua semina, na hakuna mzee anayemsomea 1 Timotheo. Si kwa sababu ya karama. Wengine wanayo na wengine, masikini, wanasukumwa mbele huku wakitetemeka. Ni kwa sababu ya ndoa. Basi kumbe tunaweza kumsikiliza mwanamke akifundisha wanaume, mradi aliyemwoa awe na cheo. Mstari wa hilo sijauona. Vituko vyake navyo havikosi: nimemsikia mchungaji wa kike aliyebarikiwa kwa mikono ya askofu akiitwa "mama mchungaji", na mumewe, fundi seremala asiyependa hata kusimama mbele ya watu, akaitwa "baba mchungaji".

Huyo ndugu aliyeteuliwa kukupokea naye namhurumia. Kugawa kazi kwa jinsia hakumwonei mwanamke peke yake. Namkumbuka mzee mmoja ambaye karama yake ilikuwa kurehemu. Akiingia wodini wagonjwa walitulia kabla hajasema neno. Kanisa likasema kutembelea wagonjwa ni kazi ya idara ya wanawake, likampa uenyekiti wa kamati ya ujenzi. Jengo lilikamilika vibaya, na wagonjwa wakakosa mtu wao.

Sasa ufanye nini. Usiende kwa wazee na watu ishirini nyuma yako. Utakuwa umewathibitishia hofu yao kwamba unakusanya jeshi. Nenda na mtu mmoja wanayemheshimu, na kama ndugu yule ana ujasiri, nenda naye, aseme kwa kinywa chake alichokuambia kando. Usiwaulize "kwa nini mnanikataza". Waulize swali moja linalojibika: je, katazo ni la kushika cheo cha mwalimu wa kanisa, au ni la kufungua Biblia nyumbani mwanamume akiwepo? Waache wajibu kabla hujataja Priskila. Kisha omba mzee mmoja aje Jumatano nne mfululizo, akae, asikilize, apime. Maandiko yanataka manabii wapimwe (1 Kor 14:29), na mwalimu anayekataa kupimwa, awe wa kiume au wa kike, simwamini. Unaweza pia kupendekeza muongoze wawili, ndugu yule akishika utaratibu na maombi, wewe ukishika somo. Watakaosema ni ujanja waambie Akila hakulalamika.

Wakikataa kabisa? Hapa watu wenye msimamo kama wangu huwashauri wanawake watoke. Mimi nasita. Kikabidhi kikundi, kwa uso mweupe, bila kukiharibu kwa simu za usiku. Kikundi ni chao kukipanga. Karama si yao. Wanafunzi wako wa sekondari bado wana kipindi cha dini na hakuna anayetaka kukifundisha, na wale akina mama watano wa mwanzo bado ni jirani zako. Ukiona baada ya muda kwamba kanisa hilo haliwezi kupokea alichokupa Mungu, hamia jingine linaloweza, ukiwa umeaga mchana kweupe. Ila usifungue lako. Msajili wa Jumuiya ana makabati ya kutosha ya makanisa yaliyozaliwa na hasira.

Hukusema kama umeolewa, wala sikuulizi. Paulo katika 1 Wakorintho 7:7 anahesabu hata kuoa na kutooa kuwa karama, "mmoja hivi na mmoja hivi", na hakuna mahali alipofanya cheti cha ndoa kuwa sharti la kufundisha.

Na kitambaa. Si swali dogo hata kidogo. Kufunika kichwa Korintho kulikuwa na maana yake ya heshima kwa macho ya watu wa pale, nami sidhani mahali ambapo hakina maana hiyo mwanamke anamkosea Mungu kwa kichwa wazi. Lakini kama kanisani kwenu ndiyo desturi na kitawatuliza walio dhaifu, kivae. Kitambaa hakipunguzi somo. Na mzee akikuuliza kwa nini umekivaa, mwonyeshe 1 Wakorintho 11:5, aisome mwenyewe kwa sauti, aya yote, pamoja na lile neno "ahutubupo".